Pikipiki za Umeme: Nani Abebe Mzigo wa Ukimya?



Kumekuwa na maneno mengi katika vikundi vyetu juu ya pikipiki za umeme. Wengine wanasema ni mashine za kuua watu kwa sababu hazingurumi. Wengine, hasa wale wanaotamani kuzinunua, wanajibu kwamba kutonguruma ndiko uzuri wake, na kwamba anayetembea kwa miguu amepewa macho, ayatumie. Sisi tunaona kwamba pande zote mbili zimekosea, na kosa lao ni moja: zote zinamwambia mwenye miguu ajiokoe mwenyewe.

Jambo hili haliko mbali nasi. Mjini Kigali pikipiki za teksi zinazotumia umeme zinabeba abiria tangu 2019, na serikali ya huko iliamua kwamba kuanzia Januari 2025 haitasajili tena pikipiki mpya za petroli kwa kazi hiyo mjini humo. Nairobi na Kampala nazo zinazifahamu. Kwetu Lubumbashi bado ni chache, lakini zitakuja, maana bei ya petroli inawaumiza wamotari wetu kila siku. Yafaa tulijadili kabla hazijajaa barabarani, tusingoje mazishi ya kwanza.

Tunaye rafiki, zamani mwanafunzi wetu, kijana asiyeona, anayeishi Katuba. Yeye huvuka barabara kwa masikio. Alitueleza kwamba mngurumo wa injini humwambia mambo matatu: chombo kiko upande gani, kinakaribia au kinaondoka, na kama dereva ameongeza moto au amepunguza. Siku moja aliposikia kimya, akashuka barabarani. Hakusikia kitu mpaka upepo ulipompiga usoni, na kioo cha pikipiki ya umeme kikamgonga mkono. Aliyeiendesha alisimama, akamfokea: «Huoni?» Kisha akaiona fimbo nyeupe, akanyamaza.

Wanaochukia pikipiki za umeme wakisikia habari hiyo husema: mmeona! Lakini tulipomwuliza rafiki yetu ni kitu gani anachokiogopa zaidi, hakutaja ile ya umeme. Alitaja pikipiki za petroli zilizokatwa bomba la moshi. «Moja ikipita,» alisema, «kwa muda mimi ni kiziwi tena juu ya upofu. Lori likija nyuma yake silisikii.»

Hapo ndipo tunapotaka kusema na ninyi mnaokata mabomba kwa kusudi, mkidai kwamba kelele huokoa maisha ya mwendeshaji. Dai hilo halisimami. Mlio wa bomba huelekea nyuma, na hatari nyingi za mwenye pikipiki ziko mbele yake. Mwaka 1981 Harry Hurt na wenzake wa chuo kikuu kimoja huko Los Angeles walitoa ripoti ya ajali za pikipiki zipatazo 900 walizozichunguza mmoja mmoja. Waliona kwamba katika ajali za pikipiki na gari, mara nyingi ni dereva wa gari aliyeingilia njia ya pikipiki kwa kuwa hakuiona. Kilichosaidia ni kuonekana: taa ya mbele kuwashwa hata mchana, na nguo za rangi kali. Dereva aliyefunga vioo na kufungulia muziki hasikii bomba lenu mpaka mmeshamfikia. Wanaolisikia ni mgonjwa kitandani, mtoto aliyelala, na mwalimu anayejaribu kufundisha dirisha likiwa wazi. Kumbukeni pia kwamba katika kipimo cha desibeli kila nyongeza ya 10 ni nguvu ya sauti mara kumi. Masikio ya kwanza kuharibika ni ya yule anayekaa juu ya injini hiyo kutwa nzima.

Basi, je, tuseme ukimya hauna lawama? Hapana. Mwaka 2024 watafiti wa London School of Hygiene and Tropical Medicine walitoa hesabu ya ajali za miaka 2013 hadi 2017 huko Uingereza. Kwa kila maili milioni 100 zilizoendeshwa, magari ya umeme na yale yanayochanganya umeme na petroli yaliwagonga watembea kwa miguu 5.16, wakati yale ya petroli na dizeli yaliwagonga 2.40, na tofauti ilikuwa kubwa zaidi mijini. Hayo ni magari, si pikipiki, na watafiti wenyewe walisema kwamba huenda umri mdogo wa baadhi ya madereva wa magari hayo ulichangia. Hata hivyo anayeisoma hesabu hiyo na kuendelea kusema «atumie macho» amejifanya kiziwi kwa hiari.

Tena, macho ya nani? Mama anayetoka sokoni na beseni kichwani hawezi kugeuza shingo upesi. Mtoto wa miaka sita hajui kukadiria mwendo. Mzee huchelewa kugeuka. Asiyeona hana macho ya kutumia. Hao si wachache wa kusamehewa pembeni: hao ndio wanaotembea kwa miguu katika miji yetu, ambako njia ya miguu mara nyingi imejaa meza za wauzaji, na mtu hana budi kushuka barabarani.

Dawa ipo, wala si ya ajabu. Kanuni ya Umoja wa Mataifa nambari 138, ya mwaka 2016, inadai magari ya umeme yatoe sauti yanapokwenda polepole: si chini ya desibeli 50 kwenye mwendo wa kilomita 10 kwa saa, na 56 kwenye kilomita 20. Sauti hiyo haina ruhusa ya kupita desibeli 75, na lazima ibadilike kadiri mwendo unavyobadilika, ili msikilizaji ajue kama chombo kinaongeza au kinapunguza. Ndiyo yale yale ambayo rafiki yetu wa Katuba alitueleza bila kuisoma kanuni yoyote. Ulaya imeidai sauti ya namna hiyo kwa kila gari jipya la umeme tangu Julai 2021. Lakini tazameni: kanuni hiyo iliwekwa kwa magari ya magurudumu manne na zaidi. Pikipiki ziliachwa nje. Labda kule pikipiki ni chombo cha starehe cha wachache. Kwetu ndiyo teksi ya watu wote, na hupita katikati ya umati, sokoni, mlangoni pa shule, uani mwa hospitali.

Kwa hiyo tunadai mambo mawili. La kwanza, wale watakaoziingiza pikipiki hizo nchini wazitie kipaza sauti kidogo kinacholia kwa upole katika mwendo wa polepole, na serikali yetu iwalazimishe. Hatutaki mngurumo wa kuigiza petroli. Sauti ndogo inayoeleweka yatosha.

La pili, na hili halingoji serikali: anayeendesha apunguze mwendo penye watu. Pikipiki inayokwenda kilomita 54 kwa saa hupita mita 15 katika sekunde moja, nayo sekunde hiyo ndiyo mtu anayohitaji ili tu aanze kushika breki. Kwenye kilomita 18 hupita mita 5. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba mwendo wa wastani ukiongezeka kwa asilimia 1, hatari ya ajali ya kuua huongezeka kwa asilimia 4. Pikipiki ya umeme huondoka kwa nguvu mara tu mkono unapozungushwa, basi mkono huo ujifunze kiasi. Wala msijitetee kwa honi. Honi inayopigwa mgongoni pa mtu humshtua, naye huweza kurukia upande usiofaa.

Wengi wenu mnaendesha pikipiki ili mlipe karo na kulisha wadogo zenu. Hatuwadharau, na hatutaki mpoteze mkate wenu. Tunasema tu kwamba aliyeshika usukani ndiye mwenye nguvu, na mwenye nguvu ndiye anayedaiwa uangalifu. Asiwaachie wasio na chuma wala kofia.

Kwa mkutano wenu wa juma lijalo:

1. Simameni kando ya barabara, mahali pa usalama, mfumbe macho dakika kumi. Mmesikia nini, na nini kilifunikwa na kelele?
2. Mwalikeni mtu asiyeona wa mtaa wenu awaeleze jinsi anavyovuka. Msikilizeni bila kumkatiza.
3. Wamotari mlio kati yetu: ni sehemu zipi tatu katika mtaa wenu ambapo mtakubaliana kwenda polepole, kuanzia kesho?