Droni Mpya Isiharakishwe Angani

Juma hili nawausia walionunua droni, yaani kile chombo kidogo kirukacho kikipiga picha. Mdogo wangu aliweka akiba mwaka mzima akanunua yake. Siku ya kwanza tu ikagonga mwembe, ikavunjika.

Kosa lilikuwa moja. Droni ikikutazama, ukisukuma kijiti cha kuiongozea kushoto, yenyewe huenda kulia kwako. Yeye hakulijua hilo.

Basi, anzia katika uwanja mpana, asubuhi isiyo na upepo, watoto wakiwa mbali, kwani mapanga yake hukata vidole. Ngoja ipate mawimbi ya setilaiti, iweke alama ya mahali pa kurejea. Inyanyue mita tatu tu, nyuma yake ikikuelekea, uisogeze polepole. Ukishazoea, ndipo uigeuze. Itue betri ingali na theluthi moja.

Hapa Uganda, kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga hutangulia. Nanyi mkaao kambini, kumbukeni kwamba kambi haipigwi picha.

Mdogo wangu sasa anajifunza upya, kwa droni ya kuazima.