Ayuuto, Picha Yetu na Tokeni Zisizouzika



Mvua za vuli zilipokatika tulikwenda Garissa kwa darsa za kina mama, kama ilivyo ada yetu. Siku ya pili, baada ya Sala ya Alasiri, wenzake walitawanyika akabaki mama mmoja anayeuza maziwa ya ngamia sokoni. Alitoa simu kutoka chini ya mtandio wake akatunyoshea. "Shekhe, nisomee hii," alisema. "Kila siku inapanda, lakini haitoki."

Tukasoma. Kioo kilionyesha kuwa tokeni zake zina thamani ya shilingi 480,000. Chini yake palikuwa na ujumbe: ili fedha zifunguliwe, alipe kwanza shilingi 48,000 za "kodi".

Hapo yafaa tuwaeleze wasomaji wetu wa Mombasa, Lamu na Malindi kwamba ayuuto ya Wasomali ni ndugu wa mchezo wa kina mama wa kwetu. Kikundi cha mama huyu kina wanawake kumi na sita, na kila Alhamisi kila mmoja hutoa shilingi 1,000. Anayefikiwa na zamu hubeba 16,000, akalipa karo au akaongeza mbuzi. Hakuna riba wala karatasi nyingi, ila daftari la mtunza hazina. Mwezi wa Safar walikubaliana kusimamisha zamu kwa wiki sita, na shilingi 96,000 zote zikapelekwa kwenye tokeni aliyowaletea kijana wa ukoo wao. Ndizo hizo sasa zilizokuwa "480,000". Kwa ajili ya ile kodi walikuwa wameshachanga 31,000, na zilizobaki zilikuwa zikitafutwa jioni ile ile.

Tulimwambia asitume hata senti moja. Akatutazama kwa mshangao. "Lakini wewe si ulikuwepo, Shekhe?" Akafungua kundi lao la WhatsApp, na humo tukajiona wenyewe na kanzu yetu nyeupe, mikono tumeinua tukiomba dua, na nyuma yetu bango lenye jina la tokeni.

Tuliikumbuka siku hiyo. Mwaka uliopita vijana walitualika tufungue kwa dua kikao cha "biashara za mtandaoni". Tukaomba dua, tukala wali na nyama ya mbuzi, tukaondoka kabla ya maelezo. Hatukuuliza kinachouzwa. Wanawake kumi na sita waliitazama picha ile wakasema: ikiwa shekhe amekaa hapo, basi pamekaguliwa. Makala haya tunayaandika kwa sababu ya deni hilo.

Wengi watatuuliza kwanza kama sarafu za kidijitali ni halali. Wanazuoni wametofautiana: Mufti wa Misri wa wakati huo, Sheikh Shawki Allam, alitoa fatwa mwanzoni mwa 2018 ya kuikataza bitcoin, na wako wengine waliojuzisha kwa masharti. Hatuingii humo leo. Mtu anaweza kuibiwa katika jambo la halali kabisa, kama ng'ombe wa halali anavyoweza kuuzwa na mwizi.

Katika Sahihi ya Muslim imepokewa habari ya Mtume (s.a.w.) kupita kwa muuza nafaka, akatia mkono ndani ya rundo na vidole vyake vikakuta unyevu. Juu palikuwa pakavu. Mwenye mali alidai kuwa ni mvua, naye akaulizwa kwa nini basi hakuiweka juu watu waione. Basi swali letu ni hili: tokeni hutiwaje mkono?

Kwanza tuijue ni nini. Tokeni ni hesabu iliyoandikwa katika daftari la kompyuta nyingi, na aghalabu huendeshwa na mkataba ulioandikwa kwa lugha ya programu. Mtu mwenye ujuzi kidogo aweza kutengeneza tokeni mpya kwa muda mfupi na kwa gharama ndogo, akaipa jina lolote, hata jina la Kiislamu. Yeye ndiye huandika masharti, na anaweza kuandika kwamba kila mtu aruhusiwe kununua na yeye peke yake aruhusiwe kuuza. Hili limetokea. Mwishoni mwa Oktoba 2021 ilitolewa tokeni iliyojinasibisha na mchezo wa televisheni wa Kikorea, Squid Game. Bei ilipaa siku baada ya siku hadi ikapita dola 2,800, na waliokwisha kununua wakagundua kwamba hawawezi kuuza. Tarehe 1 Novemba watengenezaji walichukua fedha zilizokuwamo, na bei ikaanguka karibu na sifuri kwa dakika chache. Bei ilipanda sana kwa sababu mlango wa kutokea ulikuwa umefungwa. Namba inayopanda kwenye kioo haina maana mpaka fedha iingie mkononi.

Kwa hiyo mkono wa kwanza ni kujaribu kutoka. Anayeambiwa aweke shilingi elfu moja, aziombe zirudi kesho yake kabla ya kuongeza nyingine. Na hata zikirudi asitulie, kwani matapeli wengi hurudisha kidogo mwanzoni kama mvuvi anavyolegeza mshipi. Akiambiwa alipe ili atolewe fedha zake, iwe jina lake kodi, ada au uhakiki, huo ndio unyevu wenyewe. Kodi ya kweli hailipwi kwenye namba ya simu ya mtu asiyemjua.

Mkono wa pili ni kumjua mwenye mali. Hapa watu wa Garissa hawahitaji kufundishwa na sisi. Katika soko lao la mifugo, ambalo ni miongoni mwa makubwa katika eneo hili, mnunuzi hamchukui ngamia kwa sababu ni mnene. Hutazama meno na alama ya ukoo, na hutaka dalali anayemjua muuzaji, ili mnyama akidhihirika kuwa wa wizi pawe na mtu wa kuulizwa. Hawala nazo ziko hivyo hivyo. Mwaka 2015, baada ya msiba wa Chuo Kikuu cha Garissa, serikali ilisimamisha kampuni 13 za hawala. Watu walitaabika, lakini walijua wenye kampuni ni nani na milango yao iko wapi. Tokeni ya kina mama hawa, je? Tuliuliza mmiliki ni nani, wakatutajia jina la kundi la Telegram. Tukauliza ofisi iko wapi, wakasema ng'ambo. Dalali aliyewaleta walimjua tangu utotoni, mwenye ngamia hawakumjua hata kidogo.

Twaona mtego wenyewe ulikuwa hapa. Uaminifu wa ukoo ni mali kubwa, na tapeli huuazima bila kulipa. Uganda walionja hayo kwa kampuni iliyojiita Dunamiscoins, iliyoahidi faida ya asilimia 40 kisha ikafunga milango ghafla Desemba 2019, na maelfu ya watu wakabaki wakilia, wengine wakiwa wameingizwa na jamaa zao. Na kabla yake ilikuwako OneCoin ya Ruja Ignatova, iliyoanza 2014 kutoka Bulgaria ikaenea hadi vijijini Uganda. Haikuwa hata na lile daftari la kompyuta nyingi. Namba zilikuwa zikiandikwa tu. Mwenyewe alitoweka Oktoba 2017 na hajaonekana hadi leo, na mwenzake Karl Greenwood alihukumiwa miaka 20 jela nchini Marekani mwaka 2023. Tazameni malipo yanatoka wapi: wa jana akilipwa kwa fedha ya aliyeingia leo, hakuna biashara hapo.

Pengine msomaji atasema, lakini sasa kuna sheria. Ni kweli. Benki Kuu ya Kenya ilianza kutuonya juu ya sarafu hizi tangu Desemba 2015, na Oktoba 2025 Rais alitia saini sheria ya watoa huduma za mali za kidijitali, inayoziweka chini ya Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Hata hivyo tapeli atawaambia, "Sasa serikali imeruhusu," nanyi muulizeni leseni yake, kisha mwulize mwenyewe mdhibiti, msikubali karatasi aliyoileta yeye. Karatasi ya fatwa pia iko hivyo: msiipokee kutoka kwa muuzaji. Wala msiipokee picha ya shekhe.

Kuna na kingine kisichokuwa fedha. Mwaka 2023 watu walipanga foleni ndefu Nairobi wapigwe picha ya mboni za macho na Worldcoin, wapate tokeni 25 zilizouzwa kwa takriban shilingi 7,000. Serikali ilisimamisha shughuli hiyo tarehe 2 Agosti, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru taarifa hizo za miili ya watu zifutwe. Hatusemi ule ulikuwa utapeli. Twasema tu kwamba nywila hubadilishwa, jicho halibadilishwi. Na kwa wale walio na pochi za kidijitali, yale maneno 12 au 24 ya siri mliyopewa siku ya kufungua ni ufunguo wa nyumba. Hakuna mhudumu wa kweli atakayeyaomba, na mwanao asiyapige picha.

Tulilala Garissa siku mbili zaidi. Alhamisi kina mama walikutana, nasi tukaomba ruhusa ya kusema mbele yao kwamba picha ile ilikuwa kosa letu. Yule kijana aliitwa. Alikuja, na ikabainika kwamba naye alikuwa ameuza mbuzi watano wa mama yake akaweka humo humo. Mama mmoja alimkemea vikali, kisha akamsogezea chai. Tulimwomba asifute chochote: ujumbe wa M-Pesa, namba zilizopokea, mazungumzo ya Telegram, vyote vikaandikwa na kupelekwa kituo cha polisi. Tuliwatahadharisha pia juu ya wale watakaopiga simu baadaye wakidai kwamba wanaweza kurejesha fedha zilizopotea kwa ada ndogo, maana mara nyingi ni watu wale wale kwa jina jingine. Simu ya kwanza ya namna hiyo iliingia kabla hatujavuka daraja la Mto Tana kurudi.

Zile 31,000 zilirudishwa kwa kila mmoja kwa jina lake katika daftari. Zile 96,000 hazijapatikana, na hatukuwaahidi kwamba zitapatikana. Ayuuto imeanza upya. Yule mama wa maziwa ametupigia jana kutuarifu kwamba zamu ya wiki ijayo ni yake, na kwamba ameshamwambia mtunza hazina amletee taslimu.