Kidonge na Bilauri ya Maji

Kila siku, katika zahanati na vituo vya afya vya Tanzania, mgonjwa hukabidhiwa vidonge na kuambiwa, "Mama, meza viwili asubuhi na viwili jioni." Mama hushukuru, hufunga vidonge vyake katika ncha ya khanga, akaondoka. Aghalabu haambiwi avimeze kwa kinywaji gani, wala kwa kiasi gani. Afikapo nyumbani huvimeza kwa chochote kilichopo: chai iliyobaki katika birika, uji, maziwa, au hata mate matupu. Katika jambo hilo linaloonekana dogo huweza kupotea sehemu kubwa ya kazi ya daktari, ya mfamasia, na ya kiwanda kilichotengeneza dawa.

Wavumbuzi wa nchi zenye viwanda vingi wameliona tatizo hilo, nao wamebuni vifungashio vinavyounganisha vidonge na maji ya kuvimezea. Muundo wake ni rahisi kuuelewa. Kikombe kidogo cha plastiki hutiwa maji safi na kufungwa barabara. Katika kifuniko chake hutengenezwa chumba cha pili, kikavu, chenye dawa ya kumezwa mara moja. Mgonjwa hufungua chumba cha juu akatoa kidonge, kisha hufungua cha chini akanywa maji. Je, kifungashio cha namna hiyo chafaa kupelekwa Magamba, juu ya mji wa Lushoto, au katika kijiji kingine chochote cha milima ya Usambara?

Jibu la makala haya ni kwamba wazo lililomo ndani ya kifungashio hicho ni sahihi, bali njia iliyotumiwa kulitimiza haifai. Ni kweli kwamba kidonge na maji yake ni dawa moja. Lakini si kazi ya kifungashio kubeba maji. Kazi yake ni kubeba kipimo cha maji, pamoja na maelezo ya kuyatumia.

Safari ya kidonge

Wanafunzi wa elimuviumbe wanajua kwamba chakula hakianguki tu kutoka kinywani hadi tumboni kama jiwe kisimani. Husukumwa na misuli ya umio, bomba lenye urefu wa sentimita zipatazo 25 kwa mtu mzima. Tonge la ugali lililolainishwa kwa mate hupita bila shida. Kidonge kikavu, hasa kile chenye ganda la jelatini, huweza kunata katika ukuta wa umio na kukaa hapo, huku mgonjwa akidhani kimekwisha kufika tumboni.

Kidonge kilichonata huyeyukia mahali pasipostahili. Dawa ya doksisaiklini, kwa mfano, ina uchachu wa kutosha kuuchoma umio na kuacha kidonda chenye maumivu makali kila mtu amezapo kitu. Madaktari wamekutana na vidonda hivyo mara nyingi, na sababu yake huwa ile ile: mgonjwa alimeza dawa kwa funda moja la maji, kisha akajilaza. Kinga yake haina gharama. Ni bilauri moja ya maji, na kubaki wima kwa nusu saa.

Kwa mtoto mdogo hatari ni kubwa zaidi, kwani kidonge huweza kuingia njia ya hewa. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari baada ya watoto wanne wa Ethiopia, wote wenye umri wa chini ya miaka 3, kufa kwa kukabwa na vidonge vya minyoo wakati wa ugawaji wa dawa kwa umma. Dawa ilikuwa nzuri, na nia ilikuwa njema. Kilichokosekana ni kukisaga kidonge na kukichanganya na maji kidogo kabla ya kumpa mtoto.

Si kila kinywaji ni maji

Milima ya Usambara hulima chai, na chai hunywewa sana huko. Mama mjamzito apewapo vidonge vya kuongeza damu, si ajabu akavimeza kwa kikombe cha chai ya asubuhi. Kwa bahati mbaya, chai ina tanini, na tanini hushikamana na madini ya chuma yakawa kitu ambacho utumbo hauwezi kukifyonza vizuri. Mama humaliza vidonge vyake kwa uaminifu, lakini damu haiongezeki kama ilivyotarajiwa, naye huanza kuambiwa kwamba hakumeza dawa.

Maziwa nayo yana tabia mbili. Kalisi iliyomo ndani yake huikamata tetrasaiklini na kuizuia isiingie katika damu. Hata hivyo, maziwa hayo hayo huisaidia dawa mseto ya malaria, ambayo Tanzania ilianza kuitumia rasmi mwishoni mwa mwaka 2006. Sehemu yake moja, lumefantrini, hupenda mafuta kuliko maji, na hufyonzwa vizuri zaidi ikimezwa pamoja na chakula au kinywaji chenye mafuta kidogo. Kikombe cha maziwa huitosheleza.

Hapa ndipo ulipo udhaifu wa kwanza wa kifungashio chenye maji. Humpa kila mgonjwa kinywaji kimoja, naye akakosa kujifunza kwamba dawa hutofautiana. Siku atakapopewa dawa isiyo na kikombe chake, ataimeza kwa chai kama zamani.

Uzito wa maji

Udhaifu wa pili ni wa hesabu, na mwanafunzi wa kidato cha kwanza aweza kuukokotoa. Mililita 200 za maji zina uzito wa gramu 200. Mgonjwa mzima wa malaria humeza dawa mseto mara 6 kwa siku 3, vidonge 4 kila mara. Vidonge hivyo 24 hutoshea katika mfuko wa shati. Maji yake ni lita 1.2, yaani kilo 1 na gramu 200.

Kwa kifua kikuu hesabu hutisha. Matibabu ya kawaida huchukua miezi 6. Siku 180 zikizidishwa kwa mililita 200 ni lita 36. Vidonge vya mgonjwa huyo kwa miezi yote sita havifikii kilo moja, bali maji yake yana uzito wa kilo 36, bila kuhesabu plastiki. Kwa wagonjwa 100 ni tani 3.6 za maji, zitakazosafirishwa kwa lori kutoka pwani hadi Mombo, kisha zipandishwe barabara ya kona nyingi yenye kilomita zipatazo 33 hadi Lushoto, na kutoka hapo zipandishwe tena hadi Magamba. Na huko juu zitakuta nini? Zitakuta msitu wa hifadhi ambao chemchemi zake hulisha vijito vya wilaya. Kuchukua maji pwani na kuyapandisha Magamba ni sawa na kupeleka nazi Tanga.

Juu ya hayo, kila funda lingeacha kikombe kitupu. Tanzania ilipiga marufuku pombe ya viroba mwezi Machi 2017, na mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa mwezi Juni 2019. Ingekuwa ajabu kuvisafisha vichochoro kwa sheria, kisha kuvichafua tena kwa jina la afya.

Adui aitwaye unyevu

Udhaifu wa tatu ni wa kikemia. Adui mkubwa wa kidonge ghalani ni maji. Aspirini ikipata unyevu huvunjika taratibu, ikawa asidi salisiliki na asidi ya siki. Ndiyo sababu chupa ya aspirini iliyokaa vibaya hunuka siki. Plastiki nyingi hupitisha mvuke wa maji, ingawa kwa kiasi kidogo sana. Kukiweka kidonge jirani na maji kwa miaka miwili, wakitenganishwa na ukuta mwembamba, ni kumweka mbuzi jirani na chui na kuutegemea ua.

Kizuizi cha kuaminika ni alumini, na kwa sababu hiyo vidonge vingi hufungwa kimoja kimoja chini ya karatasi ya madini hayo. Inafaa wanafunzi wa Lushoto wajue kwamba alumini hutolewa katika boksiti, na kwamba boksiti imo katika ardhi ya Magamba yenyewe. Lakini kadiri kifungashio kinavyohitaji alumini na ufundi zaidi, ndivyo bei inavyopanda, na fedha za kununulia dawa ni zile zile.

Hoja ya upande wa pili

Wanaovitetea vifungashio hivyo wana hoja, na haifai kuidharau. Wanasema kwamba si kila mahali pana maji salama. Shirika la Afya Duniani na UNICEF walieleza mwaka 2019 kwamba kituo kimoja kati ya vinne vya afya duniani hakikuwa na huduma ya msingi ya maji. Tanzania inalifahamu vizuri jambo hilo, maana ndiyo nchi iliyosaidia kuufundisha ulimwengu kumtibu mgonjwa wa kifua kikuu kwa kumwangalia akimeza dawa. Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma ulianza mwaka 1977, kwa mchango mkubwa wa Dakta Karel Styblo, na uzoefu wake ulikuwa msingi wa mkakati ulioenea duniani katika miaka ya 1990. Je, mgonjwa ataangaliwa vipi akimeza, iwapo mtungi wa zahanati ni mkavu?

Swali hilo ni la haki. Lakini zahanati isiyo na maji haikosi maji ya kumezea vidonge peke yake. Hukosa maji ya mkunga kunawia mikono, ya kuoshea kidonda, na ya kusafishia kitanda cha mzazi. Kikombe kilichofungwa kingeificha aibu hiyo bila kuiondoa. Mafuriko yatokeapo, au kipindupindu kikizuka, kikombe hicho chaweza kuwa msaada wa siku chache. Kukifanya kuwa utaratibu wa kila siku ni kukubali kwamba bomba halitakuja.

Njia iliyo bora

Zipo njia zilizokwisha kuthibitika. Katika nchi jirani ya Zambia, watu wa mradi wa ColaLife walitengeneza kifurushi cha dawa ya kuhara kilichoitwa Kit Yamoyo, chenye chumvi za kurudisha maji mwilini na vidonge vya zinki. Hawakutia maji ndani yake. Badala yake walikifanya kifurushi chenyewe kuwa kikombe cha kupimia: mama hukijaza maji ya nyumbani hadi alama, na kipimo huwa ni mililita 200, sawasawa na pakiti moja ya chumvi. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliingiza kifurushi kinachounganisha chumvi hizo na zinki katika orodha yake ya dawa muhimu za watoto.

Njia nyingine ni kukibadili kidonge chenyewe. Dawa mseto ya malaria ilitengenezewa kidonge cha watoto kinachoyeyuka katika maji kidogo. Majaribio yake yalifanywa katika nchi tano za Afrika, Tanzania ikiwa mojawapo, na matokeo yakachapishwa mwaka 2008. Mwaka 2024 kidonge cha namna hiyo cha kichocho, kwa watoto wasiofikia umri wa shule, kiliidhinishwa na Shirika la Afya Duniani. Hapo ndipo ufundi wa kifungashio na wa kidonge unapostahili kuelekezwa.

Yapo mambo matatu, basi, yanayoweza kutendwa bila kungoja mvumbuzi wa ng'ambo. La kwanza, kila pakiti ya dawa inayotolewa kwa umma ichapishwe picha ya bilauri, kiasi cha maji, na kinywaji kinachokatazwa, kwa Kiswahili chepesi. La pili, kila zahanati iwe na chombo cha maji salama chenye koki, pamoja na vikombe safi, karibu na dirisha la dawa. La tatu ni la walimu. Mwalimu wa kemia aweze kuweka kidonge cha aspirini katika chupa yenye unyevu na kingine katika chupa kavu, na baada ya majuma kadhaa wanafunzi wanuse wenyewe. Mwalimu wa fizikia wa Magamba awaonyeshe kwamba, kwa sababu ya mwinuko, maji huko huchemka kabla ya kufikia nyuzi 100, katika kiasi cha nyuzi 94, na kwamba joto hilo bado linatosha kuua vijidudu vya kuhara. Maji ya chemchemi yang'aayo hayana hati ya usafi, yachemshwe.

Mwanafunzi aliyejifunza hayo atayapeleka nyumbani jioni ile ile. Atakapomwona bibi yake akinyoosha mkono kuchukua chai ili amezee vidonge vya damu, atamwambia, "Bibi, ngoja nikuletee maji." Maneno hayo hayana uzito wa kupandishwa mlimani kwa lori, wala hayaachi plastiki njiani.