MWALIMU, KABLA YA FILIMBI ULIKUWA NANI?

Mimi nipo, nimejaa tele hapa hapa Mbwawa, Kibaha, na leo nataka tuchonge kidogo kuhusu wale jamaa wanaosimama pembeni ya uwanja wakipiga kelele mpaka sauti inakauka. Siwasemi mashabiki. Nawasema makocha na benchi lao zima la ufundi.

Sisi vijana wa mjini tuna mambo! Muulize mshikaji yeyote kijiweni habari za mshambuliaji wa Simba au Yanga, atakutajia gari analoendesha, kinyozi wake, na hata msichana anayemzimia. Lakini muulize hivi: kocha wake alikuwa anafanya kazi gani kabla ya kuwa kocha? Hapo utasikia kikohozi. Timu ikishinda, kocha ni fundi, ni kiboko yao. Ikifungwa mechi mbili mfululizo, ndipo historia yake inaanza kufukuliwa: "Kwanza huyu hata mpira hakucheza!"

Hebu tujiulize, hivi ni lazima awe amecheza? Mimi nimekaa chini nikapiga hesabu zangu, nikaona kwetu Tanzania makocha wanaingia kwenye kazi hii kwa milango mitatu. Twende nao mmoja mmoja.

MLANGO WA UWANJANI

Huu ndio mlango tunaoujua wote. Mtu amecheza, miguu imechoka, anashika filimbi. Mfano mkubwa ni Abdallah Kibadeni, "King" mwenyewe. Mwaka 1977 Simba ilipoifunga Yanga mabao 6-0, matatu yalikuwa ya kwake. Mwaka 1993 mtu huyo huyo alikuwa kwenye benchi la Simba iliyofika fainali ya Kombe la CAF. Ilitoka sare ya bila kufungana na Stella ya Ivory Coast kule Abidjan, halafu ikalala 2-0 hapa nyumbani. Wazee wetu hadi leo wakiikumbuka mechi ile wanashika kichwa!

Yupo pia Charles Boniface Mkwasa, kiungo wa zamani wa Yanga. Huyu amepita kila mahali jamani. Amefundisha Twiga Stars, amefundisha Ruvu Shooting ya hapa hapa kwetu Pwani, mwaka 2015 akapewa Taifa Stars baada ya Mart Nooij kuondoka, na mwaka 2017 akaingia ofisini Yanga kama Katibu Mkuu. Kwa hiyo kocha anaweza kuvua bukta akavaa tai.

Juma Mgunda naye alikuwemo kwenye Coastal Union ya Tanga iliyotwaa ubingwa wa nchi mwaka 1988. Septemba 2022 Simba walipobaki bila kocha mkuu, walimwita yeye. Unajua kilichombeba? Jina lilisaidia, sawa, lakini CAF inataka kocha mkuu wa timu iliyo kwenye mashindano yake awe na leseni ya juu, na Mgunda alikuwa nayo kabatini. Akawatoa Nyasa Big Bullets ya Malawi, akawatoa Primeiro de Agosto ya Angola, Simba ikaingia makundi. Wenzake wangapi waliocheza naye enzi zile walibaki kijiweni wakisimulia mabao yao? Yeye alirudi darasani.

Na tusimsahau Mkenya James Siang'a. Alikuwa kipa wa Gor Mahia na Harambee Stars, akaja kuifundisha Simba iliyowatoa Zamalek wa Misri mwaka 2003 kwa penalti. Siku ile nahodha wa Simba alikuwa Selemani Matola, ambaye baadaye na yeye akawa kocha. Umeona mnyororo huo?

MLANGO WA CHAKI

Umewahi kujiuliza kwa nini wachezaji wetu humwita kocha "mwalimu"? Hawamwiti bosi, hawamwiti mkuu. Mwalimu! Jina hilo halikutoka hewani. Kwa miaka mingi mpira wa nchi hii umelelewa na walimu wa shule, wale wanaopeleka vijana UMITASHUMTA na UMISSETA. Mwalimu anafundisha jiografia asubuhi, jioni anapanga koni uwanjani. Wengine walipikwa Chuo cha Ualimu Butimba, wengine Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, kule Kwimba, Mwanza.

Kwenye mlango huu wapo wasomi wa kweli kweli. Dakta Mshindo Msolla, aliyeifundisha Taifa Stars kabla ya Mbrazili Marcio Maximo kuja mwaka 2006, ni mtaalamu wa mambo ya kilimo. Leo anaongea habari za mbolea, kesho habari za beki wa kushoto. Na mwaka 2019 akachaguliwa Mwenyekiti wa Yanga.

Huyo Maximo naye hakuja na sifa za kufunga mabao. Alikuwa mtu wa kufundisha tu. Lakini ni nani alirudisha watu uwanjani kwa wingi kuiangalia Taifa Stars? Ni yeye. Ni yeye pia aliyetupeleka fainali za kwanza kabisa za CHAN, Ivory Coast, mwaka 2009.

Ukitaka majina ya Ulaya, yapo. Jose Mourinho alikuwa mwalimu wa michezo shuleni kwao Ureno, na mwaka 1992 akawa mkalimani wa kocha Mwingereza Bobby Robson pale Sporting. Mkalimani! Mwaka 2004 akachukua ubingwa wa Ulaya na Porto. Muitaliano Arrigo Sacchi alikuwa akiuza viatu vya kiwanda cha baba yake, na AC Milan yake ikabeba Kombe la Ulaya mwaka 1989 na 1990. Mwambie sasa yule jamaa wa kijiweni kwamba muuza viatu hawezi kufundisha mpira.

MLANGO WA BUTI

Mlango wa tatu sisi watu wa Kibaha tunaujua vizuri maana upo jirani. Ni jeshi. Ukishuka Mlandizi ukaenda uwanja wa Mabatini, pale ndipo Ruvu Shooting ilikuwa inawatoa jasho wakubwa, kabla haijashuka daraja mwaka 2023. Timu za majeshi zimezalisha makocha wengi kwa sababu kule kuna nidhamu na kuna mshahara unaoingia hata timu ikifungwa. Kocha wa uraiani akifungwa mara tatu anapanga mabegi.

Bakari Shime alipitia huko. Alifundisha Mgambo JKT, akafundisha JKT Tanzania, halafu akakabidhiwa mabinti. Oktoba 2022 akawa India na Serengeti Girls, timu ya kwanza ya mpira wa miguu kutoka Tanzania kucheza Kombe la Dunia. Walianza kwa kuchapwa 4-0 na Japan, watu wakasema basi, yamekwisha. Wakainuka wakawafunga Ufaransa 2-1, wakatoka 1-1 na Canada, wakaingia robo fainali kabla Colombia hawajawasimamisha. Watoto wa miaka 17 hao!

JINA KUBWA LINATOSHA?

Najua utaniuliza, kwani staa akiwa kocha kuna ubaya gani? Hakuna. Emmanuel Amunike alikuwa mwanasoka bora wa Afrika mwaka 1994, alicheza Barcelona, na ndiye aliyefunga bao la ushindi Nigeria ilipotwaa dhahabu ya Olimpiki mwaka 1996. Alipokuja kwetu, Machi 2019 tukaifunga Uganda 3-0, tukaenda AFCON baada ya kusubiri miaka 39. Tulifurahi, tuseme kweli. Lakini kule Misri tulipoteza mechi zote tatu, na Julai hiyo hiyo akaaga. Jina lilitufikisha mlangoni, ndani mambo yakawa mengine.

Kinyume chake, kumbuka AFCON ya mwaka 1980 kule Lagos. Kwenye benchi alikuwepo Mpolandi Slawomir Wolk pamoja na mzalendo Joel Bendera. Huyu Bendera baadaye akawa Mbunge wa Korogwe, Naibu Waziri aliyeshughulikia michezo, kisha Mkuu wa Mkoa wa Morogoro na wa Manyara, mpaka alipofariki Desemba 2017. Ukimwona mtu anahangaika na koni na filimbi, usimdharau. Anaweza kuja kukusomea hotuba!

SASA YA KWETU

Msomaji wangu, sikuandika haya kwa kupenda historia tu. Ninalo la moyoni.

Mdogo wangu wa kiume anacheza winga, na anajua kweli. Miaka miwili iliyopita alikuwa timu moja ya ndondo, sitaitaja. Kocha wake alikuwa na jina, aliwahi kucheza ligi, watu wakimwona wanampisha kiti. Dogo akaumia goti nusu fainali. Pale benchini hapakuwa na nesi wala barafu, na hakukuwa na hata mtu mmoja aliyewahi kusomea huduma ya kwanza. Kocha akamwambia, "Wewe mwanaume, sisi enzi zetu tulicheza na mfupa nje." Akapuliziwa dawa ya maumivu, akarudishwa ndani. Timu ikashinda. Dogo alikaa miezi minane bila kukimbia, na mama aliuza mbuzi wawili kwa ajili ya matibabu. Yule staa hakuja hata kutoa pole.

Sasa hivi dogo yupo chuo kimoja hapa hapa mkoani, na anacheza timu ya chuo. Nikaenda kuwaona mazoezini. Mimi sikumuuliza mtu kuhusu mfumo wa 4-3-3. Niliuliza mmoja mmoja: wewe ulikuwa nani?

Kocha mkuu ni mwalimu wa hesabu, mpira aliucheza mwisho daraja la pili, ana leseni ya CAF C na anachanga nauli akasome B. Msaidizi wake alikuwa askari, amestaafu. Kocha wa makipa aliwahi kudaka timu ya kiwanda, leo ana genge la nyanya na vitunguu. Mtunza vifaa ni kijana wa bodaboda, ndiye anayebeba mipira kwenye gunia. Na wanaye dada mmoja nesi, anatoka zamu zahanati anakuja na begi lake. Nilimshuhudia kwa macho yangu akimtoa mchezaji aliyekuwa anachechemea. Kijana akabisha, "Sista, mbona niko fiti?" Akajibiwa, "Mwanangu, fiti ni neno langu, siyo lako." Mwalimu wa hesabu hakutia neno, akaingiza mwingine.

Pale roho yangu ikatulia kabisa.

Lakini nasikia kuna wanafunzi na baadhi ya wakubwa wanataka benchi hilo livunjwe aletwe "mtu mwenye jina" ili timu ipate kuandikwa magazetini. Kikao kipo mwezi ujao. Wanadai mwalimu wa hesabu hana mvuto. Jamani! Mvuto wa nini? Tunachagua kocha au tunachagua bwana harusi?

Ningekuwa na kiti kwenye kikao hicho ningeuliza maswali manne tu. La kwanza, leseni yake ni ipi, kwa sababu ngazi zinajulikana, D, C, B, A mpaka ile ya juu kabisa. La pili, kabla ya hapa alifundisha wapi na vijana wangapi aliwaacha wazima. La tatu, nani anakaa naye benchini, maana kocha peke yake ni sawa na dereva asiye na kondakta. La nne, mchezaji akiumia, neno la mwisho ni la nani? Akijibu vizuri, awe staa, awe mwalimu, awe mjeshi, mpeni timu. Akibabaika, hata kama alikuwa na mabao mia, mshukuruni aende kupiga picha na mashabiki.

Na wewe mzazi, na wewe kaka au dada mwenye mdogo anayecheza mpira, nenda uwanjani siku moja ukaulize. Huna haja ya kugombana na mtu. Salimia, toa heshima zako, halafu uliza: "Samahani mwalimu, kabla ya hapa ulikuwa wapi?" Kocha wa kweli hatakasirika. Atakusimulia mpaka jua lizame, na pengine atakuomba mchango wa maji ya kunywa. Mpe, maana wengi wao hawalipwi kitu.

Vipi huko mtaani kwenu, benchi la timu yenu lina akina nani? Hebu fanya uchunguzi wako, halafu uniambie. Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutawageukia marefa, maana nao wana ya kwao. Haya, baki salama na punguza kelele kijiweni!