Chama cha Kiswahili Kisifunge Mlango wa Mengineyo

Penye wengi pana mengi, walisema wahenga, na vyama vya Kiswahili katika shule na vyuo vya Meru na Embu havikuepukana na methali hiyo. Wanachama hukutana baada ya masomo, kwa hiari yao, ili waghani mashairi, wategeane vitendawili na kujadili sarufi. Aghalabu haupiti muda mrefu kabla ya mazungumzo kuchepuka: huyu ataja kandanda, yule siasa za kaunti, na mwingine bei ya miraa. Hapo mlezi wa chama hujikuta njia panda. Je, awanyamazishe au awaache?

Wako walezi wanaopiga marufuku kila neno lisilohusu mada, na wako wanaolegeza kamba kabisa. Njia zote mbili zina hasara. Ya kwanza huua chama, maana aliyekuja kwa hiari huondoka kwa hiari. Ya pili humdhulumu mwanachama aliyejiandaa kughani shairi lake, akakuta saa nzima imeliwa na ubishi wa mpira.

Tuchukue mfano mmoja. Mwezi Mei 2024, Kaunti ya Mombasa ilipiga marufuku muguka, zao linalolipia karo watoto wa familia nyingi za Mbeere. Wakulima wa Igembe na Tigania walikuwa wameonja machungu ya aina hiyo hapo awali, Uingereza ilipoharamisha miraa mwaka 2014, na Somalia ilipofunga soko lake kuanzia 2020 hadi 2022. Mwanafunzi wa Mbeere akiinuka katikati ya mjadala wa ngeli akataka kuizungumzia marufuku hiyo, je, ametoka nje ya mada?

Kwa ratiba ya siku, ndiyo. Kwa lengo la chama, la. Kijana huyu, ambaye nyumbani huongea Kimbeere na darasani husoma masomo mengi kwa Kiingereza, amepata jambo linalomchoma moyo, naye anatafuta Kiswahili cha kulieleza. Atahitaji maneno kama ushuru, katazo, uraibu na riziki. Atahitaji pia ufundi wa kuikubali sehemu ya hoja ya mpinzani kabla ya kuipinga nyingine, kwa kuwa mwenzake aliyeona ndugu akiharibiwa na utafunaji huo naye ana neno. Lugha hukomaa inapotumiwa kwa jambo ambalo msemaji analijali. Tukimfumba kinywa, atakwenda kulizungumza kwingine kwa lugha nyingine, na Kiswahili kitabaki kwake kuwa lugha ya mtihani tu.

La ajabu ni kwamba dawa ya tatizo hili tunaifundisha wenyewe. Kila mwanafunzi anayejifunza kuandika kumbukumbu za mkutano huambiwa kwamba ajenda hutangulia, na kabla ya kufunga huja kipengee cha mengineyo. Hata Bunge letu, ambalo Kanuni zake za Kudumu humruhusu Spika kumkatiza mbunge anayetoka nje ya hoja, humpa mbunge huyo nafasi ya kuomba shughuli zisimamishwe ili jambo la dharura lenye uzito wa kitaifa lijadiliwe. Kanuni njema huyapa mazungumzo ya kando wakati wake.

Napendekeza basi kanuni nne. Kwanza, mada ya siku itangulie na muda wake ulindwe. Pili, jambo la kando liandikwe na katibu pale linapozuka, kisha lijadiliwe katika theluthi ya mwisho ya kikao. Tatu, hoja ishambuliwe bali si mtu, wala kabila lake, wala dini yake. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 33, hutoa uhuru wa kujieleza na papo hapo huuwekea mpaka kwa matamshi ya chuki na uchochezi wa ghasia. Nne, mwenyekiti anayemkatiza msemaji ataje kanuni iliyovunjwa, na mlezi naye akatizwe vivyo hivyo akichepuka.

Kanuni hizi zitungwe na wanachama wenyewe na kusomwa mwanzoni mwa kila muhula. Meru ina Njuri Ncheke, baraza la wazee linaloingiwa kwa ada na kiapo, na mamlaka yake hutokana na hayo. Chama cha shule hakina kiapo. Nguvu yake yote ni ridhaa ya wanachama, na mtu huheshimu zaidi sheria aliyoshiriki kuitunga.

Walimu wenzangu watauliza: tutatoa wapi muda, ilhali mtihani u mlangoni? Jibu langu ni kwamba mtihani huohuo hudai insha yenye hoja, na hoja haizuki siku ya mtihani. Wengine watahofu kwamba kuijadili miraa au muguka ni kuisifu. La hasha. Mwanafunzi aliyezoea kuipima hoja ya pande mbili ana kinga kubwa kuliko yule aliyezoea kuambiwa anyamaze. Mlezi na aulinde muda wa mada kwa ukali apendao, mradi dakika za mengineyo zifikapo asiwe wa kwanza kuufunga mkutano.