Walimu tusifungiane milango ya madarasa

Yapo mambo mawili ambayo mwalimu wa humu nchini huyaogopa: mwezi kuisha mshahara usionekane, na kumwona mtu mzima ameketi nyuma ya darasa lake akiwa na kalamu mkononi. La kwanza halihitaji maelezo. La pili ndilo ninalotaka kulijadili leo, kwa maana naamini hofu hiyo inatugharimu sisi walimu, na inawagharimu wanafunzi wetu zaidi.

Hofu hii ina asili yake. Tulipokuwa vyuoni, mtu aliyeketi nyuma ya darasa alikuwa mkufunzi aliyekuja kutupa alama za mazoezi ya kufundisha. Tulipoajiriwa akawa mkaguzi wa shule, ambaye fununu tu ya kuja kwake ilitosha kuwafanya walimu wayasake maazimio ya kazi yaliyokuwa yamesahaulika kabatini. Na tangu mwaka 2016, Tume ya Kuajiri Walimu (TSC) ilipoanzisha mfumo wa tathmini ya utendakazi uitwao TPAD, kutazamwa tukifundisha kumekuwa sehemu ya tathmini hiyo, kwa fomu na kwa alama. Nimeshuhudia mwenyewe fomu hizo zikijazwa katika chumba cha walimu, kikombe cha chai pembeni, na mtu ambaye hakukanyaga darasani. Simlaumu. Alama ikishaingia katika faili, ni nani atakayemwandikia mwenzake ukweli mchungu ilhali kesho zamu ni yake?

Miaka michache iliyopita nilimwomba mwenzangu, mwalimu wa hisabati, aje kunitazama nikifundisha ngeli katika kidato cha pili. Hapakuwa na fomu. Nilimwomba jambo moja tu: asinitazame mimi, awatazame wanafunzi. Nilijiona nimefundisha vizuri siku hiyo. Maswali yalijibiwa upesi, mikono ilikuwa juu, na kengele ilipolia nilikuwa nimekamilisha kila kitu katika andalio langu la somo.

Tulipokutana baadaye alifungua daftari lake. Katika dakika arobaini nilikuwa nimeuliza maswali ishirini na matatu, na kumi na saba kati ya hayo yalijibiwa na wanafunzi walewale watano walioketi safu mbili za mbele. "Mwalimu," akaniambia kwa upole, "yule msichana wa dirishani jibu alikuwa nalo. Ameliandika na kulifuta mara tatu." Miaka yote niliyofundisha sikuwahi kujua kwamba darasa langu huishia safu ya pili. Kinyozi hajinyoi, na wala hakuna mkaguzi aliyewahi kuniambia hayo, kwa kuwa wakaguzi walikuja kunitazama mimi na ubao wangu.

Wajapani wamelitambua jambo hili kwa zaidi ya karne moja. Katika shule zao walimu hukaa pamoja wakaandaa somo, mmoja wao akalifundisha, wengine wakasimama kando ya madawati wakiandika wanafunzi wanafanya nini na wanakwama wapi. Kisha hulijadili somo. Ni somo la wote, kwa hiyo aliyelifundisha haaibiki. Mbegu ya mtindo huo ililetwa hapa kwetu mwaka 1998, mradi wa SMASSE ulipoanzishwa kwa msaada wa Japani ili kuimarisha ufundishaji wa hisabati na sayansi katika shule za sekondari. Kauli yake ilikuwa panga, tenda, tazama, boresha. (Sisi wa lugha tuliachwa nje ya mlango, kana kwamba ngeli hujifundisha zenyewe.)

Yule msichana wa dirishani ndiye aliyenipa funzo la pili. Jioni moja nilipita nje ya darasa wakati wa masomo ya ziada, nikasikia kelele. Nilikuwa karibu kuingia na kukaripia, kama ilivyo desturi yetu, nilipoitambua sauti yake. Alikuwa akiwaeleza wenzake wanne kwa nini 'mti' umo katika ngeli ya U-I, ilhali neno lenyewe halianzi kwa 'u'. "Usilitazame jina," alisema. "Kitazame kitenzi. Mti umeanguka, miti imeanguka. U na I zimo huko. Sasa sema ukuta." Wakasema: ukuta umeanguka, kuta zimeanguka. "Basi huo ni U-ZI."

Nilisimama pale nje nikiwa nimeduwaa. Nilikuwa nimefundisha ngeli hizo mara tatu, na sikuwahi kushuku kuwa wanafunzi wangu walikuwa wakitafuta herufi 'u' mwanzoni mwa nomino. Yeye alilijua kosa hilo kwa sababu alikuwa amelifanya wiki iliyotangulia. Mimi nilikwisha kusahau kuwa liliwahi kuwa gumu. Eric Mazur, profesa wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard, alipoanza mwaka 1991 kuwaachia wanafunzi wajadiliane swali wao kwa wao kabla ya kuwapa jawabu, alikuwa ameligundua jambo hilihili.

Hata hivyo, sitaki wakubwa wa elimu wanielewe vibaya. Mwaka 1798 Joseph Lancaster alifungua shule London ambamo wanafunzi waliotangulia waliwafundisha mamia ya wenzao chini ya mwalimu mmoja. Mtindo huo ulisifiwa na kuenea ng'ambo kwa kuwa ulikuwa rahisi kwa gharama. Watoto walikariri walichoamriwa kukariri, na hatimaye ukaachwa. Tangu mwaka 2018, serikali ilipoagiza kila mtahiniwa wa darasa la nane aingie sekondari, madarasa yetu yamefurika. Mwanafunzi anayemsaidia mwenzake asigeuzwe kuwa dawa ya uhaba wa walimu. Mwalimu aajiriwe, kisha ndipo tuzungumze juu ya vikundi.

Ombi langu kwa tume ni dogo. Tathmini na iwepo, lakini ziara ya mwalimu kwa mwalimu mwenzake iondolewe alama, na karatasi yake ibaki baina ya wawili hao. Kwa walimu wakuu, naomba kipindi kimoja kwa muhula ambacho ratiba itawaacha walimu wawili huru kutembeleana. Najua vipindi vimebana. Mimi na mwenzangu wa hisabati tuliupata wetu kwa kukatiza mapumziko ya chai.

Alhamisi hii zamu ni yake. Anafundisha sehemu za desimali, naye ameniomba niketi karibu na dirisha.