Mshipi Ukikatika

Sisi wa Nakuru tumezoea samaki wa Naivasha, ambao huvutwa hadi ukingoni bila taabu kubwa. Basi mtu wetu akienda likizo Malindi, akimnasa nguru au kolekole mkubwa, huvuta vile vile. Mshipi hukatika, samaki huenda zake na ndoana, naye husema ameshindwa nguvu. Mara nyingi sivyo. Mshipi wa nailoni hukatika palipo dhaifu, na hapo huwa ni penye fundo. Fundo likikazwa kavu huungua kwa msuguano. Lilowesheni kwa mate kwanza. Nguru ana meno kama wembe, kwa hiyo juu ya ndoana hufungwa kipande cha waya. Kolekole yeye hukimbilia matumbawe, nayo hukata hata mshipi mpya.

Lakini kosa kubwa ni kushindana naye. Ninyi wafugaji mwajua: fahali akiruka huachiwa kamba kidogo, kisha hurudishwa pole pole. Mwacheni samaki akimbie, achoke. Kwa mgeni huu ni mchezo tu. Kwa mvuvi wa Pwani, nguru aliyepotea ni karo ya mtoto. Na nailoni iliyokaa juani miezi mingi, hata ikionekana nzima, msiiamini.